Kufasiri au Kukusanya? Istilahi za Kusakinisha Programu ya Fizikia Kutoka Chanzo, kwa Mfano wa Shanwe, Mpanda

1.0 Utangulizi

Makala hii inakusudia kueleza kwa Kiswahili kazi ambayo kwa kawaida hufundishwa kwa Kiingereza: kusakinisha kwenye seva programu ya kuchanganulia data za fizikia kutoka katika msimbo wake chanzo. Malengo yake ni mawili. La kwanza ni kumwezesha msomaji aifuate kazi yenyewe. La pili ni kuchunguza ni wapi istilahi za Kiswahili zinaibeba kazi hiyo bila taabu, na ni wapi zinamwangusha mfundishaji. Malengo haya hayatenganiki, kwa sababu neno lililochaguliwa vibaya katika uwanja huu halimkeri mwanaisimu peke yake. Humfanya mwanafunzi alitafute kosa mahali lisipokuwapo.

Programu inayotumiwa kama mfano ni ROOT. Ilianzishwa mwaka 1995 na René Brun na Fons Rademakers katika kituo cha utafiti cha CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ili ichukue nafasi ya programu iliyoitangulia, PAW, ambayo iliandikwa kwa lugha ya Fortran. ROOT imeandikwa kwa C++. Huhifadhi, huchuja, hupima na kuchora data nyingi mno, hasa zile zitokanazo na migongano ya chembe ndogo za maada. Hata hivyo programu haibagui asili ya data. Chochote kinachoweza kupangwa katika safu za tarakimu kinafaa, ikiwa ni pamoja na orodha ya mitetemo ya ardhi. Kwa watu wa Katavi jambo hili la mwisho si la mbali. Mkoa wao umo katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa, na tetemeko la Desemba 13, 1910 lililopiga eneo la Rukwa, ambalo ukubwa wake hukadiriwa kuwa 7.4, ni miongoni mwa matetemeko makubwa kabisa yaliyorekodiwa barani Afrika katika karne ya 20.

Shanwe ni kata katika Manispaa ya Mpanda. Imechaguliwa hapa kwa sababu mbili. Kwanza, Mpanda ni mahali ambapo Wabende, Wapimbwe, Wakonongo, Wafipa, Wasukuma, Waha na wengineo hukutana, na lugha inayowakutanisha ni Kiswahili. Fundi anayemweleza mwenzake jinsi ya kurekebisha mtambo hapo humweleza kwa Kiswahili, hata kama kitabu cha mtambo huo kimeandikwa kwa lugha nyingine. Pili, Mpanda iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, mwisho wa tawi la reli litokalo Kaliua, na kwa miaka mingi umeme wake ulitokana na majenereta ya dizeli. Maelezo yatakayofaa Shanwe yatafaa pia mahali penye nafuu zaidi; kinyume chake si kweli. Basi na achukuliwe mwalimu wa fizikia aliyeko Shanwe, mwenye kompyuta ya kawaida, mtandao wa simu, na ruhusa ya kuingia kwenye seva ya chuo iliyoko Dar es Salaam.

2.0 Istilahi za mtumiaji na istilahi za mjenzi

Juhudi za kuifanya kompyuta izungumze Kiswahili zina historia inayojulikana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliowashirikisha wanakompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT46 ya Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Kazi kama hiyo ilidai msamiati mpana, na mwingi umepata kukubalika: faili, hariri, hifadhi, chapisha, pakua. Kitenzi ‘pakua’ hasa kinastahili sifa. Kimetoka kwenye chungu cha chakula na jahazi lililotia nanga, na hakuna mzungumzaji anayehitaji kuelezwa maana yake.

Lakini istilahi hizi zote zina sura moja. Zilitungwa kwa ajili ya mtu anayetumia programu iliyokwisha kamilika. Mtu huyo haulizi programu ilijengwaje, kama vile anayenunua kiti haulizi randa ilipita wapi. Anayejenga programu kutoka chanzo yuko katika karakana, na huko menyu za ofisi hazimfikishi mbali.

Mfano mzuri ni dhana ya kuiweka programu katika kompyuta. Mafundi wengi husema ‘kufunga’, kama wanavyosema kufunga dishi au kufunga umeme wa jua. Katika mazungumzo neno hili halina kasoro. Katika kompyuta, hata hivyo, ‘funga’ tayari ni amri ya kuondoka katika programu, hivyo sentensi ‘funga programu hii’ ina maana mbili zinazopingana. Kitenzi ‘simika’ kina uzuri wake, kwani huleta taswira ya nguzo au ya mtawala anayepewa madaraka, lakini kinasisitiza kusimama, siyo kukaa. Kilichoshinda ni ‘sakinisha’, na kilishinda kwa haki. Mzizi wake umo katika ‘sakini’, yaani kukaa mahali kwa makazi, na jamaa yake ni ‘maskani’. Programu iliyosakinishwa ni ile iliyopewa mahali pa kuishi, na kompyuta inajua pa kuibishia hodi. Katika mkoa wenye makazi ya Katumba na Mishamo, yaliyopokea watu waliokimbia Burundi kuanzia mwaka 1972, tofauti kati ya kufika mahali na kusakinishwa mahali haihitaji kuelezwa kirefu.

3.0 Mfasiri na mkalimani

Tatizo kubwa liko mbele kidogo. Msimbo chanzo ni maandishi yanayosomeka na binadamu. Kichakataji cha kompyuta hakiyaelewi. Chenyewe huelewa msimbo wa mashine tu. Lazima pawe na programu nyingine inayoyageuza maandishi hayo. Mafundi huiita kazi hiyo ‘kukompaili’, na waandishi wanaotaka Kiswahili sanifu huandika ‘kukusanya’.

‘Kukusanya’ ni tafsiri sisisi, na kwa bahati mbaya ni tafsiri sisisi ya ajali ya kihistoria. Mwaka 1952 Grace Hopper wa Marekani alipounda mfumo wake wa A-0, kazi yake ilikuwa kweli ya kukusanya: ulichukua vipande vya programu vilivyokwisha andikwa, ukaviweka pamoja kwa mpangilio uliotakiwa. Baadaye kazi ilibadilika ikawa ya kugeuza lugha moja kuwa nyingine, lakini jina likabaki. Kiingereza kimelizoea jina hilo kama mtu anavyozoea kovu. Kiswahili hakina sababu ya kulirithi.

Aidha, kwa mwanafizikia neno hili lina madhara. ‘Kukusanya data’ ndilo tendo lake la kwanza, linalofanyika maabara au uwandani kabla ya kompyuta kuguswa. Mwanafunzi anapoambiwa kwamba ‘programu ya kuchanganulia data ilishindwa katika hatua ya kukusanya’, ana haki ya kuelewa kwamba kasoro iko katika vipimo. Atarudi kwenye vipimo vyake, ilhali kosa liko kwenye maktaba iliyokosekana katika seva.

Wakati huohuo, taaluma ya lugha inazo istilahi mbili zinazolingana na jambo hili kwa usahihi wa kushangaza: mfasiri na mkalimani. Mfasiri hupewa kitabu kizima, hukaa nacho, hukigeuza chote, kisha huondoka; wasomaji husoma tafsiri bila yeye kuwapo. Mkalimani husimama kati ya wazungumzaji wawili na kugeuza usemi mmoja baada ya mwingine, na akiondoka mazungumzo yanakwama. Hivyo hasa ndivyo zilivyo aina mbili za programu za kugeuza msimbo. Ya kwanza hugeuza chanzo chote mara moja na kuacha faili inayojitegemea. Ya pili hugeuza amri kwa amri, wakati mtumiaji anasubiri. Makala hii inapendekeza ‘programu fasiri’ kwa ile ya kwanza na ‘programu kalimani’ kwa ile ya pili, kwa muundo uleule wa ‘mfumo endeshi’. Kitenzi ‘fasiri’ kinanyumbulika bila shida: chanzo kinafasiriwa, kimefasirika, hakifasiriki. Umbo hili la mwisho lina faida yake, kwa sababu hutofautisha chanzo ambacho bado hakijafasiriwa na kile ambacho, kwa kasoro fulani, hakiwezi kufasirika. Pingamizi moja linaweza kutolewa, kwamba ‘fasiri’ huweza pia kumaanisha kueleza maana. Pingamizi hilo lina uzito, lakini ni mwepesi kuliko ule wa ‘kukusanya’, kwa kuwa hakuna hatua nyingine katika kazi hii inayoitwa kufasiri.

ROOT inalithibitisha pendekezo hili kwa namna ya pekee, kwa kuwa ina vyote viwili. Programu yenyewe hufasiriwa kutoka C++. Lakini ndani yake mna programu kalimani iitwayo Cling, iliyochukua nafasi ya mtangulizi wake CINT katika toleo la 6 la mwaka 2014, ambayo humwezesha mwanafizikia kuandika mstari mmoja wa C++ na kupata jibu papo hapo. Cling imejengwa juu ya LLVM na Clang, ambazo ni mitambo mizito ya kufasiria. Kwa maneno mengine, anayejenga ROOT humwajiri mfasiri ili amuumbe mkalimani. Sehemu kubwa ya muda wa ujenzi huishia hapo, na anayelijua hilo hatashtuka akiona kazi inakwenda kwa saa nyingi.

4.0 Kazi yenyewe

Swali la kwanza ni kama kuna haja ya kujenga. CERN hutoa pia ROOT iliyokwisha fasiriwa kwa mifumo endeshi kadhaa ya jamii ya Linux. Ikiwa mojawapo inalingana na seva iliyopo, ni busara kuitumia. Ujenzi huwa wa lazima pale seva inapokuwa na mfumo endeshi wa zamani au usio wa kawaida, pale toleo la Python lililomo linapotofautiana na lile lililotarajiwa, au pale mtafiti anapotaka kuongeza au kupunguza sehemu fulani.

Hapa inafaa kuondoa utata ulioletwa na jina. Katika Linux, neno ROOT likiandikwa kwa herufi ndogo ni jina la msimamizi mkuu wa kompyuta, mwenye mamlaka yote. Wengi wanaoanza husoma agizo la kusakinisha ROOT na kudhani kuwa bila mamlaka hayo kazi haiwezekani. Ukweli ni kinyume. Mtumiaji wa kawaida anaweza kujenga na kusakinisha programu hii katika saraka yake mwenyewe bila kumsumbua yeyote, mradi mahitaji ya msingi yawe yamekwisha wekwa. Mwanaisimu naye atatabasamu, kwani maana ya kawaida ya jina hili ni ‘mzizi’, na mzizi kwake ni kitu kingine kabisa.

Mahitaji hayo ya msingi ni programu fasiri ya C++, programu ya CMake, Python, na maktaba kadhaa, zikiwamo za kuchorea madirisha. Maktaba ni neno lililokubalika, na linafaa: ni hazina ya msimbo ambao programu nyingi huazima. Jambo linalowapotosha wengi ni kwamba maktaba moja ina sehemu mbili. Kuna msimbo wa mashine, unaohitajika wakati wa kutumia programu, na kuna faili za vichwa, zinazoeleza kilichomo, ambazo huhitajika wakati wa kujenga. Seva nyingi zina sehemu ya kwanza tu. Mjenzi huambiwa kwamba kitu hakipo, naye anakiona kwa macho yake kuwa kipo. Tiba yake ni kuomba kifurushi cha pili cha maktaba hiyohiyo, kile ambacho jina lake huishia kwa dev au devel, na hapo ndipo msimamizi wa seva anapohitajika.

Saraka tatu hutengwa, na hakuna sheria inayozikataza kuwa na majina ya Kiswahili: chanzo, karakana na maskani. Katika ya kwanza hupakuliwa msimbo. Ya pili ni ya ujenzi, na lazima iwe mbali na ya kwanza, kwani ROOT hukataa kujengwa ndani ya saraka ya chanzo chake. Ya tatu ni mahali programu itakapoishi. Mjenzi akiwa ndani ya karakana, hutoa amri hizi:

cmake -DCMAKE_INSTALL_PREFIX=$HOME/maskani $HOME/chanzo
cmake --build . -- -j2
cmake --install .

Mstari wa kwanza ni wa kusanidi. Hakuna kinachofasiriwa bado. CMake huikagua seva, hutafuta kila kinachohitajika na kuandika mpango wa ujenzi. Hii ndiyo hatua ya kusomwa kwa makini kuliko zote, ingawa ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. ROOT isipoipata maktaba fulani, mara nyingi haisimami. Ama huiacha sehemu inayoitegemea, ama huazimia kuipakua na kuijenga yenyewe. Huo ni ukarimu, lakini mjenzi asiyesoma taarifa huja kugundua siku ya kazi kwamba sehemu aliyoihitaji haimo. Chaguo liitwalo fail-on-missing likiwashwa, usanidi hukoma kila kinapokosekana kitu kilichoombwa, na kwa seva yenye mtandao wa kusuasua hilo ni afadhali.

Mstari wa pili hufasiri. Maelfu ya faili hugeuzwa moja moja kuwa vipande vya msimbo wa mashine, kisha vipande huunganishwa kuwa maktaba na programu kamili. Kufasiri na kuunganisha ni matendo mawili, na makosa yake hayafanani: kosa la kufasiri hutaja mstari wa chanzo, kosa la kuunganisha hutaja jina ambalo kila kipande kilidhani kipande kingine kinalo. Likitokea lolote, lisomwe kosa la kwanza, si la mwisho. Yale yanayofuata mara nyingi ni mwangwi tu.

Mstari wa tatu ndio unaosakinisha, yaani unaihamisha kazi iliyokamilika kutoka karakana hadi maskani. Baada yake, kila mara mtumiaji anapoingia, huitambulisha seva kwa maskani hayo kwa amri moja zaidi:

. $HOME/maskani/bin/thisroot.sh

Nukta inayotangulia si mapambo. Bila nukta hiyo, mabadiliko hufanyika katika mazingira ya muda ambayo hutoweka mara amri inapokwisha, na mtumiaji huambiwa kwamba ROOT haijulikani ingawa imesakinishwa vizuri.

5.0 Umeme, mtandao na kumbukumbu

Mwalimu wa Shanwe anafanya haya yote kwa mbali, kupitia muunganisho wa SSH. Umbali wenyewe haumzuii, kwani kinachosafiri ni maandishi ya amri na majibu yake, na mtandao hafifu wa simu huyamudu. Msimbo chanzo hupakuliwa moja kwa moja na seva bila kupitia Mpanda. Kinachomtishia ni kukatika. Muunganisho ukikatika, kazi iliyoanzishwa ndani yake kwa kawaida huuawa pamoja nao. Kwa hiyo, kabla ya mstari wa pili, hana budi kuanzisha programu kama tmux au screen, inayoushikilia ukumbi wa kazi kwenye seva hata mtumiaji akipotea. Umeme ukikatika Shanwe, seva haina habari. Mwalimu anarudi baadaye na kuukuta ujenzi ukiendelea.

Ikiwa seva iko hapohapo Shanwe, hesabu ni nyingine. Umeme ukizimika, kazi husimama. Hata hivyo haianzi upya, kwa kuwa chombo cha ujenzi hulinganisha nyakati za faili na kuruka zilizokwisha fasiriwa. Faili moja au mbili zilizokuwa zikiandikwa dakika ile huweza kuharibika. Zikileta kosa lisiloeleweka, hufutwa na kufasiriwa tena.

Tarakimu 2 katika -j2 ina maana ya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kishawishi cha kuandika 16 ni kikubwa, hasa kwa mwenye haraka. LLVM hula kumbukumbu kwa uchu, na ni tahadhari njema kuhesabu gigabaiti 2 kwa kila kazi. Kumbukumbu ikijaa, mfumo endeshi huiua programu fasiri bila maelezo ya kutosha, na mjenzi huanza kuulaumu msimbo usio na hatia. Diski nayo iwe na nafasi ya gigabaiti kadhaa kwa ajili ya karakana.

6.0 Kuhakiki

Programu iliyosakinishwa haijathibitika mpaka ifanye kazi ambayo jibu lake linajulikana. Mwaka 2014 CERN ilifungua tovuti ya data huria, ambako data halisi za majaribio yake hutolewa kwa yeyote. Miongoni mwake mna data za jaribio la CMS za mwaka 2012 zenye matukio zaidi ya milioni 60 ambamo jozi za chembe ziitwazo muoni zilionekana, na ROOT huja na mfano uliokwisha andikwa wa kuzichanganua. Mfano huo husoma data kwa mbali kupitia XRootD. Ikiwa sehemu hiyo iliachwa wakati wa kusanidi, hapa ndipo pengo linapojitokeza, na faili yenyewe, ya takriban gigabaiti 2, italazimika kwanza kupakuliwa kwenye seva.

ROOT huendeshwa kwa chaguo la -b, ambalo huizuia kufungua madirisha, kwa kuwa picha zinazosogea ndizo zinazoulemea mtandao wa simu. Programu hukokotoa masi ya kila jozi na kuchora histogramu. Kama kila kitu kimefasiriwa na kuunganishwa sawasawa, mchoro utaonyesha vilele kadhaa: kimoja karibu na GeV 3.1, ambacho ni cha chembe ya J/psi iliyogunduliwa mwaka 1974, na kingine karibu na GeV 91, cha chembe ya Z iliyogunduliwa CERN mwaka 1983. Kati yao, karibu na GeV 9.5, kiko kilele cha upsiloni. Mchoro huo ukihifadhiwa kama faili ya picha huwa na kilobaiti makumi tu, na katika gigabaiti zote zilizoshughulikiwa, ndio pekee unaolazimika kusafiri hadi Shanwe.